Roshani ya Sauti: Mas'ala ya Mdundo wa Gari na Haki ya Mpita Njia

Husema mwenye gari: Gari ni mali yangu, na redio iliyomo ni mali yangu, na nikiizidisha nguvu nimetumia changu ndani ya changu, basi ni nani mwenye haki ya kunizuia? Neno hili husikiwa sana katika mji wa Mwanza, kwa mafundi wa redio za magari na katika vituo vya daladala, na mwenye kulijibu kwa ukali au kwa dhihaka huwa hajalijibu. Kwani ndani yake mna asli kubwa miongoni mwa asli za sharia, nayo ni heshima ya milki, na mtu hazuiwi kutumia kilicho chake illa kwa hoja. Inapasa basi hoja itafutwe, na ikikosekana aachwe na gari lake.

Na wenye ilimu wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo kitazamwe kwanza kitu chenyewe. Magari mengi yaendayo katika njia za Mwanza hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Redio zake za asili, khasa katika magari ya zamani, zilifanyizwa kushika mawimbi ya megahezi 76 hata 90, hali stesheni za Tanzania hutangaza baina ya 88 na 108. Basi mwenye gari humwendea fundi tangu mwanzo, si kwa anasa, bali ili asikie khabari tu. Huko ndiko aonyeshwako vitu vingine. Huambiwa kwamba redio iliyokuja na gari nguvu yake ya kweli aghalabu haifiki wati 20 kwa kila spika, na spika za milangoni ni ndogo, haziwezi kuusukuma upepo mwingi unaotakiwa na sauti nzito. Maneno hayo ni kweli. Dawa yake ni amplifaya, ambayo huikuza sauti, na sabufa, ambayo ni spika pana ndani ya sanduku, huwekwa katika buti au chini ya kiti, kazi yake kutoa zile sauti za chini kabisa.

Kwa kuwa redio ya asili mara nyingi haina tundu la kutolea sauti kwenda nje, fundi huichukua sauti katika nyaya za spika, akaipitisha katika kijisanduku cha kuipunguza, kisha akaiingiza katika amplifaya. Umeme huutoa moja kwa moja katika betri kwa waya mnene, na karibu na betri huweka fyuzi. Hapa pana amana ya fundi isiyoonekana na mwenye gari. Betri ni ya volti 12, na amplifaya itoayo wati 600 za kweli huvuta ampea 50 na zaidi. Fundi akitumia waya mwembamba ili abakiwe na faida, au akaacha kuweka fyuzi, au akaupitisha waya katika bati kali pasi na mpira wa kuukinga, amemkabidhi mwenziwe moto chini ya zulia la gari. Ujira wake katika hali hiyo si halali kwa ukamilifu, na gari likiungua kwa uzembe wake dhamana ni juu yake. Vivyo hivyo muuzaji. Kuna masanduku yaliyoandikwa wati 3000 hali kitu kilichomo hakiwezi kuendelea kutoa hata sehemu ya kumi ya hizo. Iliyoandikwa ni nguvu ya kitambo cha kupepesa jicho, tena ya kukisia. Kumwuzia mtu kwa hesabu hiyo, naye adhani ndiyo nguvu ya siku zote, ni ghishi, na khabari ya ghishi katika biashara haihitaji kurefushwa kwa wasomaji wa kurasa hizi.

Lililo muhimu zaidi ni tabia ya sauti yenyewe. Sauti ni mawimbi katika upepo, na sikio la mwanadamu hushika mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa nukta moja. Wimbi la sauti nyembamba yenye mitetemo 5,000 urefu wake ni kama sentimeta 7. Wimbi la sauti nzito yenye mitetemo 50 urefu wake ni kama mita 7. Wimbi fupi huzuiwa na kioo na mlango na ukuta. Wimbi refu hupita. Ndiyo maana gari lililofungwa vioo linapopita, mtu aliye nje hasikii maneno ya mwimbaji wala kinanda, husikia ngoma peke yake, akaihisi kifuani kabla ya kuisikia masikioni, na mabati ya dukani yakaitikia. Mwenye kufunga vioo vya gari akadhani ameistiri sauti yake, amestiri ile isiyowaudhi watu, na ile yenye kuwaudhi ameiachilia.

Wala mas'ala haya si mas'ala ya muziki. Hukumu ya ala za muziki ina mlango wake, na khitilafu yake ni ya tangu zamani. Imamu Ghazali aliipa kitabu kizima katika Ihya. Madhara yanayotazamwa hapa yangalikuwa yale yale lau kilichomo garini ni hotuba.

Na afanywe mfano, kwa desturi ya vitabu, kwamba Zaidi ndiye mwenye gari na Amri ndiye mwenye kuudhika. Zaidi anayo hoja yenye nguvu kuliko anavyojua mwenyewe. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, imeelezwa katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akiivuka ada hudhamini. Kisha ikaelezwa kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mtu aweza kuigeuza nyumba yake iliyo baina ya nyumba za watu ikawa hamamu au zizi, na duka lake lililo katika soko la nguo akaligeuza la mhunzi, maadamu amejihadhari na amezitia kuta nguvu. Mhunzi katika soko la nguo! Anagonga tangu asubuhi hata jioni, na jirani yake anataka kuzungumza na mteja juu ya bei ya kanga, wala hazuiwi. Hoja ya wanavyuoni ni kwamba kumzuia mtu na milki yake nako ni madhara, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Wakazidi washereheshaji wakapambanua baina ya lile lenye kuidhuru milki ya jirani na lile lenye kumwudhi jirani mwenyewe: la kwanza huzuiwa, na la pili halizuiwi ikiwa ada imelizoea.

Zaidi akiishika kauli hii, Amri atamwambia nini? Aweza kumwambia kwamba wanavyuoni hao hao wamekataza kugonga kwa nguvu kunakozitikisa kuta za jirani, kwa kuwa huko ni kuidhuru milki. Na sauti nzito iliyozidishwa hutikisa vioo na mabati. Jawabu hili ni sahihi pale linapothibiti, walakini si kila gari lifikalo kiasi hicho, na ufa wa ukutani ni taabu kuuthibitisha kwamba umetoka kwa nani.

Liko jawabu lenye nguvu zaidi. Mhunzi amesimama katika ardhi yake; gari la Zaidi limesimama wapi? Limesimama katika njia, na njia si milki ya Zaidi. Ni haki ya Waislamu na wasio Waislamu, ya apandaye na aendaye kwa miguu, mzima na kipofu. Zaidi ana milki ya chuma, na mpira, na viti. Hana milki ya hewa ya barabara ya Nyerere. Basi kanuni ya mhunzi haimfai, na yapasa itazamwe kanuni ya njia.

Nayo imeelezwa katika Minhaj hiyo hiyo, katika mlango wa sulhu, kwa mfano wa roshani. Mtu mwenye nyumba kando ya njia ya wote aweza kutokeza roshani juu ya njia hiyo, ingawa hewa ile si yake, kwa sharti asiwadhuru wapitao. Na kipimo cha kutodhuru hakikuachwa kwa ubishi wa mwenye nyumba na jirani. Yapasa roshani iinuliwe hata apite chini yake mtu aliyesimama wima; wakaongeza wanavyuoni, naye amejitwika mzigo wake wa kawaida kichwani; na ikiwa njia ni ya misafara, iinuliwe hata apite ngamia mwenye machela yake. Na kwa sharti hilo la usalama, roshani ikimwangukia mtu, mwenye nyumba hudhamini hata kama aliijenga kwa ruhusa.

Sauti itokayo katika gari ni roshani. Imetokeza nje ya milki ya mwenyewe, imekaa juu ya njia ya watu, na watu wanapita chini yake. Haikukatazwa kwa kuwa imetokeza tu, kwani kila jirani hutokeza sauti kidogo, na sharia haikuwataka watu wawe mabubu. Swali lililobaki ni la kimo chake: je, mpita njia hupita wima au hulazimika kuinama?

Na kuinama kwa sauti kunajulikana bila ya mashine. Watu wawili wanakwenda kando ya njia huko Kirumba, mmoja amejitwika gunia la dagaa alilonunua Mwaloni, wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Gari linapokuja, wakiweza kuendelea na mazungumzo yao, na kuisikia honi ya bodaboda iliyo nyuma yao, basi wamepita wima. Wakinyamaza hata gari lipite, au wakapiga ukelele ili wasikilizane, wameinamishwa. Na aliyewainamisha amechukua katika njia zaidi ya fungu lake.

Huenda Zaidi akasema: Lori nalo linanguruma, na honi ya gari la moshi, lililofika Mwanza mwaka 1928, husikiwa na mji mzima. Ni kweli. Walakini lori haliendi pasi na injini, na honi hupigwa ili watu watoke relini. Kelele hizo zimefungamana na manufaa ya njia yenyewe. Mdundo wa sabufa haukokoti gari. Tena ataweza kusema: Mimi napita tu, ni dakika moja. Na hili lina haki yake, kwani madhara madogo ya kupita husamehewa, na mwenye kugombana na kila gari lipitalo atakufa kwa hasira. Lakini daladala haipiti. Inasimama kituoni ikingoja abiria, kisha inakuja nyingine nyuma yake, na ya tatu. Kila mmoja ametokeza roshani yake dhiraa moja, na njia imefunikwa.

Kuhusu kwamba sauti ni kitendo chenye dhamana, hakuna jipya. Katika milango ya diya wametaja wanavyuoni mtu ampigiaye ukelele mtoto asiyepambanua, aliye katika ukingo wa paa, akaanguka akafa. Diya yake huwajibika. Hakuguswa kwa mkono wala kwa fimbo. Amesukumwa kwa sauti.

Sasa yatazamwe makazi ya Mwanza yenyewe, kwa sababu ada hupimwa kwa mahali. Mji huu umejengwa juu ya majabali. Njia kubwa zapita bondeni, na nyumba za Mabatini na Igogo na Isamilo zimepanda mawe pande zake; sauti ya njiani hupanda nayo. Juu ya kilima cha Bugando pana hospitali kubwa ya kanda, iliyofunguliwa mwaka 1971, na wagonjwa wake wanatoka mikoa yote ya ziwa. Na liko jambo moja ambalo mgeni hulisahau. Zaidi husema: Mimi sipigi usiku, napiga mchana, na mchana watu wako macho. Katika mji mwingine huenda likafaa. Lakini wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa za karabai, na siku hizi kwa taa za betri na za jua. Alfajiri hutia nanga, wakauza, wakaanika, kisha ndipo walalapo. Saa nne ya mchana ndiyo usiku wao. Amri ni mmoja wao. Amekesha ziwani, na usiku ujao atakesha tena, na mtu aliyekosa usingizi akipanda chombo katika ziwa lile, khatari yake haifichikani. Basi saa ya kupiga haihesabiwi kwa jua peke yake. Huhesabiwa kwa watu waishio mahali pale.

Zaidi mwenyewe naye ana haki katika mwili wake, na mwili ni amana. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuisikiliza saa 40 kwa juma pasi na khatari, na ikifika 90 kiasi chake hushuka kikawa saa 4 tu. Dereva wa daladala hukaa garini kutwa nzima, siku sita au saba. Masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi, na mwenyewe hatambui ila amekwisha kuzoea kusema, Nini? Tena hazisikii honi, wala king'ora cha gari la wagonjwa likipanda Bugando.

Na abiria wako chini ya roshani hiyo hiyo, tena ndani yake. Wamelipa nauli ya kufikishwa, hawakulipa nauli ya ngoma. Konda husema: Mbona hawasemi kitu? Lakini Imamu Shafi'i amepokewa kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishiwi neno, na mwanamke mwenye mtoto mgonjwa mapajani, jioni, gari likiwa ni la mwisho analoweza kulipata, kunyamaza kwake si ridhaa. Huwaje mtu mwenye khiari moja akahesabiwa kuwa amekhiari?

Wako wengine waliotaka kujiokoa kwa njia nyingine, wakatia sabufa ile ile, kisha wakaweka kisomo cha Kurani kwa nguvu ile ile katika stendi ya Nyegezi. Hawa wamezidisha uzito. Kurani imeamrishwa isikilizwe kwa kunyamaza inaposomwa. Huyu ameimwaga juu ya watu wanaopatana bei ya tikiti na kuitana majina, akawatia katika utovu wa adabu wasioukusudia. Luqman alimwusia mwanawe ateremshe sauti yake, wala hakubagua ni sauti ya neno gani.

Isifahamike kwa haya kwamba sabufa na amplifaya ni haramu kwa dhati yake. Si hivyo. Spika za asili zikichakaa, sauti hupasuka, na mtu huiongeza ili apate kusikia. Iliyofungwa vizuri humwezesha kusikia wazi kwa sauti ya chini. Fundi mwema huweka kipimo cha amplifaya kilingane na redio, wala hakifanyi kitasa cha kupandishia kelele, na humfungia mwenye gari kitufe cha kupunguza mdundo karibu na mkono wake, ili aingiapo mtaani aushushe. Mtu mwenye kufanya hivyo hana lawama, na kijana anayependa sauti nzuri ndani ya gari lake asiitwe fasiki kwa hilo. Tena amri ya serikali nayo imo katika mas'ala haya: mwaka 2015 Tanzania ilitoa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limepewa kuzisimamia. Na jambo la halali, mtawala akilitia mpaka kwa maslaha ya watu, kuufuata mpaka ule huwa wajibu.

Limebaki swali ambalo Zaidi huliuliza mwishoni, akicheka kidogo, naye ana haki ya kuliuliza: Na vipaza sauti vya misikitini? Na vya makanisani, vikeshavyo? Mwenye kumzuia Zaidi kwa kipimo cha roshani hana budi kukubali kipimo hicho juu ya paa la msikiti. Adhana ni mwito. Makusudio yake ni kufika mbali, nayo ni fupi, na wakati wake unajulikana na kila mkaazi wa mji. Hiyo ni kama honi ya gari la moshi. Lakini darasa la saa mbili baada ya Magharibi, na nyiradi za saa kumi za usiku, na harusi, na matangazo ya michango, yakipelekwa nje kwa pembe za bati zilizoelekezwa majumbani, ni roshani nyingine, tena ya chini sana. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa katika itikafu msikitini akawasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akalifunua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Watu wale hawakuwa na mashine, walikuwa na makoo yao tu, na waliokuwa wakiudhika ni waja walio katika ibada ile ile, ndani ya ukuta mmoja.

Misikiti mingi ina spika za ndani na pembe za nje, zote zimefungwa katika amplifaya moja. Fundi yule yule afungaye sabufa ya Zaidi aweza kuzitenganisha kwa swichi moja: muadhini akimaliza, pembe za nje zizimwe, na darasa lisikiwe na waliokuja kulisikiliza. Kazi hiyo haizidi nusu siku, na kamati ya msikiti ikiifanya kabla ya kwenda kuzungumza na madereva kituoni, itakuwa na neno la kuwaambia.